Mgeni Rasmi Afungua Wodi ya Wanaoharisha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye amenitumia ujumbe kwamba yuko njiani, na mimi naijua njia hiyo ilivyo ndefu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuifuatilia Kamati Kuu. Ndugu wakuu wa idara, vitengo, vijitengo na madawati. Daktari wa Eneo, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo. Viongozi wetu wa dini, mliotuombea dua fupi kwa muda mrefu. Sista Mkuu wa zahanati hii, simama basi wakuone, haya, hataki, mwacheni akae. Wazee wetu, akina baba, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana mliopanda ukutani ambao nawaomba mshuke. Na mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Uratibu, Tathmini na Masuala Mtambuka ya Afya ya Jamii, ambaye ndiye mgeni rasmi: naomba nitamke kwamba itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa mzima wa afya. (Kimya.) Hapo nilitarajia makofi. (Makofi machache.) Ahsanteni.

Tumekutana hapa kufungua kwa namna ya kipekee, shirikishi na endelevu Wodi ya Kisasa ya Magonjwa ya Kuhara, wodi ya vitanda arobaini, maji ya bomba saa ishirini na nne na vyoo vya kuvuta, na wasaidizi wangu wameniandalia hotuba ya kurasa kumi na tisa kuhusu visababishi vya ugonjwa huo, hotuba ambayo nimeisoma garini na kuiona ina mashiko, ina fremuweki, ina michoro ya duara na michoro ya mistari. Lakini nimeamua kuiweka kando. Mimi, ndugu zangu, sihitaji kusomewa habari za kuhara. Mimi nimehara. (Kicheko.) Msicheke. Nimehara kimkakati, siku tatu mfululizo, na niliyoyaona huko siyaoni kwenye mchoro wowote wa duara.

Mtakumbuka kwamba mwezi uliopita ofisi yangu iliandaa warsha ya siku moja kwa ajili ya wadau sitini, yenye kaulimbiu isemayo "Chakula Salama, Tumbo Salama, Maendeleo Salama." Warsha ilipangwa kufunguliwa nami saa tatu asubuhi, na wadau wapate chakula cha mchana saa saba. Mama Mpishi, ambaye amepika katika kantini yetu kwa miaka kumi na sita bila doa, aliepua vyungu saa tano: wali, kuku wa mchuzi, na saladi ya mayai. Mimi nilifika saa kumi kasoro robo. Nilichelewa kwa sababu zisizozuilika. (Sauti kutoka nyuma: "Sababu gani?") Zisizozuilika, nimesema. (Sauti: "Tulikuona kwa kinyozi!") Kwa kinyozi kulikuwa na foleni, ndugu yangu, na mgeni rasmi hafungui warsha na nywele za jana.

Sasa, saa saba ilipopita, Mama Mpishi alimfuata mshereheshaji akamwambia, "Mwanangu, chakula hiki kimeanza kupoa. Ama wale sasa hivi, ama mniruhusu nikirudishe jikoni kichemke upya, na saladi tuitupe." Mshereheshaji akamjibu, kwa mujibu wa miongozo iliyopo, kwamba hakuna mtu anayetia tonge mdomoni kabla ya mgeni rasmi, na kwamba moto wa jikoni utaingiza moshi ukumbini na kuharibu picha. Mama akasema, "Chakula hakina adabu ya kumsubiri mtu." Akaambiwa afunike. Akafunika. Wali, kuku na mayai vikakaa chini ya vifuniko, katika joto la ukumbi ule wa mabati, vuguvugu, na mpaka tunakula zilikuwa zimetimia saa sita tangu viepuliwe.

Nilipofika nilikaribishwa jukwaani moja kwa moja, na kwa muda wa saa moja na dakika ishirini nikawaelimisha wadau juu ya hatari ya kuacha chakula kilichopikwa kikae muda mrefu bila kupashwa moto. (Kicheko kirefu.) Msicheke, hotuba ile ilikuwa na takwimu. Kisha tukala. Mimi nilipewa mapaja mawili na saladi iliyojaa, kwa heshima ya cheo. (Sauti kutoka ukutani: "Mgeni njoo, mwenyeji aharishe!" Kicheko, vigelegele.) Nani huyo? Mwandikeni jina.

Kati ya wadau sitini, arobaini na watatu waliugua, sawa na asilimia sabini na moja nukta saba, na naomba niseme bila kujikweza kwamba hakuna warsha nyingine katika historia ya ofisi yetu iliyowahi kuwagusa walengwa kwa kiwango hicho. (Kicheko.)

Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa naongoza kikao cha mipango. Tulikuwa kwenye ajenda ya pili, yatokanayo, tumbo langu likaomba mwongozo. Nikalinyima. Likaomba mara ya pili. Nikalinyima. Basi likatoa taarifa. (Kicheko.) Nikawaambia wajumbe naahirisha kikao kwa dakika tano, na kwa mujibu wa muhtasari, ambao katibu wangu aliuandika kwa uaminifu usio na lazima, siku ile kikao kiliahirishwa mara tisa. Mimi niliyezoea kuendesha ofisi ya watu mia na kumi, nikawa naendeshwa.

Choo cha wakurugenzi, ndugu zangu, kina marumaru ya kijivu, kina kioo kikubwa cha kujitazama, lakini maji hakina, na sabuni ilikuwa bado kwenye mchakato wa manunuzi. Nilipofunga kikao nikafanya kama kiongozi muungwana anavyofanya: nikawapa mkono wajumbe wote, mmoja baada ya mwingine, nikiwashukuru kwa uvumilivu. Wawili kati yao hawakuwepo kwenye warsha, hawakuonja kuku wala yai. Siku ya pili na wao wako foleni chooni nyuma yangu. Nikastaajabu, nikataka kuunda tume. Sista alikuja kunieleza baadaye kwa sentensi moja: "Baba, uliwapa kwa mkono." (Kicheko.) Kumbe vidudu vya kuhara vinapita kwenye chakula kilicholala, vinapita kwenye maji machafu, na vinapita kwenye kiganja cha mkurugenzi ambaye hakunawa kwa sabuni. Havisomi kitambulisho.

Sasa nije kwenye matibabu niliyojifanyia mwenyewe, na hapa naomba wataalamu waniwie radhi. Alasiri ya siku ile ya kikao, kwenye droo yangu nilikuwa na vidonge vya kapsuli nilivyobakiza nilipong'oa jino, nikavimeza. Nikamtuma katibu aninunulie dawa ya kufunga tumbo, nikaimeza maradufu, maana mimi si mtu wa kawaida. Tumbo likafunga. Nikawatangazia wenzangu kwamba hali imedhibitiwa. Kufikia asubuhi ya siku ya pili homa ikapanda, tumbo likavimba na kukata kama msumeno, na lilipofunguka tena nikaona kitu ambacho sikukitaja kwa mtu. Nikaona damu. (Minong'ono.)

Ningeweza kwenda zahanati saa ile ile. Ni mwendo wa dakika kumi kwa gari, na gari ninalo, dereva ninaye. Sikwenda. Niliona haya. Ningemwambiaje mtu kwamba aliyehutubia juu ya chakula salama ameangushwa na chakula?

Na siku ile ile, ndugu zangu, ilitokea jambo ambalo halimo kwenye zile kurasa kumi na tisa.

Wengi wenu mlimjua Mzee wa Masijala. (Minong'ono. Mtu: "Tulimjua.") Karani wetu wa mafaili, mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili kifuani, moja nyekundu na moja ya bluu, aliyebakiza miezi mitano kustaafu. Faili lolote la miaka thelathini ukimtajia, anakwambia liko rafu ya ngapi. Naye alikuwa mdau siku ya warsha, akala. Mwaka jana, katika kuimarisha nidhamu ya kazi, mimi mwenyewe nilibuni Fomu ya Ruhusa ya Kwenda Kutibiwa, na nikaelekeza kwamba mtumishi yeyote asitoke kwenda hospitali bila fomu hiyo kuwa na sahihi yangu, kwa sababu tulibaini watumishi wanaugua kupita malengo. Basi Mzee wa Masijala akajaza fomu, kwa mwandiko wake ule mzuri, akaja kusimama mlangoni kwa katibu wangu.

Mimi nilikuwa chooni. Ukuta ule ni wa mbao. Nilimsikia.

"Binti yangu, nisaidie. Tangu jana naharisha maji matupu, nimetapika hata maji niliyokunywa, kichwa kinazunguka. Na mkojo sijaupata tangu asubuhi."

Binti akasema, "Subiri kidogo, baba. Mkurugenzi yuko kwenye shughuli. Akitoka atakusainia."

"Atatoka saa ngapi?"

"Hajasema."

Alikaa kwenye kiti cha wageni kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Mimi nilitoka mara kadhaa kwa mlango wa nyuma, nikapita korido ya nyuma, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Sikutaka anione nilivyokuwa. Mkurugenzi mwenye suruali iliyolegea na jasho la baridi hasaini nyaraka. Saa tisa nikasikia kiti kinasogezwa, kisha nyayo zake zikishuka ngazi polepole, anahesabu, moja, anapumzika, mbili, anapumzika. Akaenda nyumbani kwa miguu.

Naomba maji. Haya ni ya kuchemsha? Nauliza tu.

Siku ya tatu, majira ya saa tatu asubuhi, nilisimama kuchukua faili nikajikuta nimekaa sakafuni. Dereva wangu akaingia. "Bosi, umekuwa mweupe kama karatasi. Twende zahanati."

Nikamwambia, "Nipeleke hospitali ya rufaa."

Akasema, "Ile ni saa tatu za mashimo, Bosi. Utafika umekwisha. Twende hapa chini."

Nikakubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu zahanati hii naijua vizuri, ripoti yake ya ukarabati niliisaini mimi mwenyewe: vitanda kumi, tangi la maji, chumba cha sindano, bustani ya maua. Dereva akanishusha kwa kunibeba. Nikaona vyumba viwili, benchi moja, na bomba lililofungwa kitambaa. Nikamuuliza Sista, kwa sauti ya kiutawala kadiri nilivyoweza, "Vitanda viko wapi?"

Akasema, "Viko kwenye ripoti, baba. Kalale huko." (Kicheko kikubwa. Watu wanapiga miguu chini.)

Tulieni. Tulieni, nina ratiba.

Nikaketi kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwa fundi cherehani mmoja, mama kijana, sindano bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni, na mtoto wa miezi minane mapajani, amelala kama nguo iliyofuliwa. Sista akamwendea yeye kwanza. Nikasema, "Samahani, mimi ni Mkurugenzi."

"Na huyu ana miezi minane," Sista akasema. "Hapa anakuzidi cheo. Mtu mzima ana akiba ya maji mwilini, mtoto hana." Kisha akamuuliza yule mama, "Imeanza lini?"

"Jana jioni. Majirani wameniambia ni meno, niache tu. Lakini leo analia bila machozi, Sista. Nepi niliyomfunga alfajiri ni kavu mpaka sasa. Na ziwa analikataa. Nikaona, meno gani haya ya kukausha machozi? Nikaiacha suruali ya mteja mashineni nikaja."

Sista akamshika bega. "Umefanya vizuri. Ungesubiri mpaka jioni, tungekuwa tunaongea mengine."

Mimi nilikuwa nasikiliza, maana sikuwa na nguvu ya kufanya lingine. Alimchanganyia mtoto pakiti moja ya chumvichumvi kwenye maji lita moja, si nusu lita, si lita mbili, akamwonyesha mama namna ya kumnywesha kijiko kimoja kimoja, akitapika asubiri dakika kumi aanze tena taratibu. Akampa vidonge vya zinki vya kumaliza siku zote alizoandikiwa hata kama tumbo limetulia, akamwambia ziwa aendelee kumpa, asije akamfungia mtoto chakula kwa kudhani ndio dawa. Kufikia saa sita mtoto alifumbua macho, akamtazama mama yake, akaangua kilio chenye machozi, na hapo hapo akakojoa. Alikojolea viatu vyangu. Sista akapiga makofi. Dereva wangu akapiga makofi. Nami, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wa umma, nilipiga makofi kwa jambo ambalo sikulizindua. (Makofi. Mama mmoja anamwinua mtoto juu.) Ndiye huyo. Habari yako, bwana mdogo. Naona umenenepa.

Kisha Sista akanigeukia. "Choo chako kina damu?"

Nikasema, "Suala hilo linafanyiwa tathmini."

"Damu ipo au haipo?"

"Ipo."

"Umekojoa lini mara ya mwisho?"

"Sina takwimu za karibuni."

Akanifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama hema. Akamwambia dereva, "Kinywa kimekauka. Macho yameingia ndani. Ana homa, mapigo yanakimbia, na anaongea maneno marefu yasiyo na kichwa wala miguu."

Dereva akasema, "Hilo la mwisho, Sista, ndiyo kawaida yake." (Kicheko kirefu. Dereva anafunika uso kwa kofia.) Huyu bado ni dereva wangu, kwa sasa.

Nilipomtajia zile kapsuli na ile dawa ya kufunga, Sista alishika kiuno. "Baba, tumbo lina homa na damu, unalifunga? Umemfungia mwizi ndani ya nyumba kisha ukameza ufunguo. Na kapsuli za jino zenyewe zinaweza kukuharisha." Akanitundikia maji mshipani, akaitundika chupa kwenye msumari wa kalenda, akaniandikia dawa inayostahili. Alipoona naweza kumeza, akaita nyuma, "Lete kikombe!"

Nyuma ya zahanati kulikuwa na mtu anachemsha maji kwenye sufuria kubwa, maana bomba lilikuwa kavu na pakiti haichanganywi na maji ya mtaroni. Akaja na kikombe. Akaniinua kichwa. Nikamtazama. Alikuwa Mama Mpishi.

Inabidi niwaeleze kwamba siku moja kabla, kati ya safari ya nne na ya tano chooni, nilikuwa nimemwandikia barua ya kumsimamisha kazi kwa kosa la kuhatarisha afya za viongozi. (Makelele: "Aaah!") Subirini. Nilidhani atanimwagia kile kikombe. Akasema, "Barua yako nimeipata, Mzee. Kunywa. Kidogo kidogo, usigugumie."

Nikanywa. Sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Sista ndiye aliyenieleza kwamba yule mama alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba tangu siku ya kwanza, na daftari lake la kantini, akimtafuta kila aliyekula. "Walikula mkononi mwangu," alisema, "nitakaaje nyumbani?" Thelathini na wanane kati ya wale arobaini na watatu walipona majumbani mwao, kwa maji ya chumvichumvi, uji na mapumziko, tumbo likatulia lenyewe ndani ya siku mbili bila kapsuli ya mtu. Wanne tulitibiwa hapa, nami nikiwemo. Jumlisheni wenyewe.

Mama Mpishi alifungua daftari lake, akaniuliza, "Nimebakiza jina moja. Mzee wa Masijala nimekwenda kwake jana mchana, nikakuta mlango umefungwa. Majirani wamesema yuko kazini. Yuko kazini?"

Ndugu zangu, nina shahada mbili na vyeti kumi na vinne vya semina. Sikupata jibu refu. Nikasema, "Alikuja ofisini jana. Alikuwa anataka sahihi."

"Ukampa?"

Nikainamia kikombe. Akamgeukia dereva wangu, akamwambia, "Washa gari." Hakuniomba kibali. Wakaondoka.

Walimkuta kitandani, mkewe anampepea kwa gamba la faili. Alikuwa anapumua. Wakampakia, wakaishika barabara ya rufaa. Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba gari lililombeba lilikuwa gari la ofisi yangu, lenye mafuta ya ofisi yangu. Hawakufika. Alikata roho karibu na daraja. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyeficha, kifo kilikosea mlango.

Naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka, na kwa sababu ya ratiba, dakika hiyo itakuwa ya sekunde kumi. (Wanasimama. Wanakaa kimya. Hawakai chini.) Ahsanteni, kaeni. (Hawakai.) Nimesema kaeni. (Wanakaa mmoja mmoja, kwa wakati wao.)

Ofisi yangu haikulala. Tuliunda kamati, ikaketi vikao saba, ikabaini kwamba chanzo cha tukio kilikuwa kuku, na kuku husika alikuwa ameshachukuliwa hatua. Zaidi ya hapo, leo asubuhi, kwa heshima na taadhima, nimeisaini ile fomu ya marehemu, nikaigonga mhuri, ruhusa kamili ya siku kumi na nne. Naomba mjane wake apite mbele aipokee. Piga picha, kijana wa kamera. Karibu, mama. Karibu sana. Shika hapa, mimi nashika huku.

(Mjane haishiki. Anaitazama. Anasogea kwenye kipaza sauti.)

"Baba Mkurugenzi, tunashukuru. Lakini mwenzangu ruhusa alishajipa mwenyewe. Siku ile alirudi nyumbani nikamwambia twende zahanati. Akasema, 'Mama watoto, sina sahihi, nitaonekana mtoro, na nimebakiza miezi mitano tu.' Nikamsikiliza. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimsikiliza. Basi nyie mliobaki mnisikilize mimi. Tumbo la kuendesha si aibu, kila mwenye tumbo litamwendesha. Kunywa maji yale, pumzika. Lakini ukiona damu, ukiona homa kali, unatapika hata unachokunywa, kizunguzungu, mkojo hauji au umekuwa kama chai ya rangi, au siku mbili zimepita na huoni nafuu, nenda. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee wasingoje hata hizo siku mbili. Usingoje sahihi ya mtu. Nenda, na akikuuliza nani kakuruhusu, mwambie ni mimi."

(Makofi yanaanza nyuma, yanakuja mbele, hayakatiki.)

Ahsante, mama. Ahsante. Makofi yametosha. Hayo ndiyo hasa niliyokuwa nakuja kuyasema, kwenye ukurasa wa kumi na sita. (Sauti: "Na ile fomu?") Fomu inafanyiwa mapitio. (Sauti nyingi: "Ifutwe!") Inafanyiwa mapitio ya kina. (Makelele. Viti vinagongwa.) Haya, haya, imefutwa! Kuanzia sasa hivi mtumishi akiugua aende kutibiwa, karatasi zitamfuata. (Vigelegele.) Mwandishi, usiandike kwamba nimeshurutishwa, andika kwamba nimeridhia. (Sauti: "Na Mama Mpishi?") Suala la Mama Mpishi liko kwenye mchakato. (Makelele zaidi. Vijana wanashuka ukutani, wanakuja mbele.) Amerudishwa! Amerudishwa kazini, na barua ile naitamka kuwa batili! (Mama Mpishi, kutoka nyuma ya zahanati: "Nitarudi, ila saa saba ni saa saba!") Ameeleweka. Na nimedokezwa hapa na Mwenyekiti kwamba leo mmeshakula tayari, wote, saa saba kamili, bila kunisubiri. Ni kinyume cha itifaki. (Kicheko.) Sawa. Ni sawa.

Sasa tupaze sauti kwa pamoja. Nikisema "Mikono!" mseme "Sabuni!" Mikono! ("Sabuni!") Maji! ("Chemsha!") Chakula! ("Cha moto!") Damu chooni! ("Zahanati!") Mkurugenzi! (Kimya.) Mkurugenzi! (Mtoto analia. Kicheko.) Basi, tuishie hapo.

Naomba nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wadau wa maendeleo kwa ahadi zao, washauri elekezi kwa ushauri wao, na kamati kwa vitafunio vyake. Shukrani za pekee kabisa zimwendee fundi mchoraji wa mabango, kijana mzalendo, ambaye kwa siku tatu tu ametuchorea wodi hii yote ya vitanda arobaini kwenye turubai hili mnaloliona nyuma yangu. Tazameni yale madirisha, ungedhani yamefunguliwa. Tazameni yule muuguzi mlangoni, ungedhani anakukaribisha. Akina mama, nawasihi msiwaruhusu watoto kuegemea, rangi bado mbichi, na nyuma ya turubai ni majani na shimo la mchanga, mtu asije akatumbukia. Wajumbe wawili mnaoshikilia miti huku na huku, nawaona mnatetemeka, vumilieni, upepo ni kazi ya Mungu, msiachie mpaka picha ipigwe. Nipeni mkasi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.